Wazazi wanaamini natoka London, lakini mama mmoja amenisikia nikizungumza Kiswahili

BARUA

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 29, mzaliwa wa Korogwe mkoani Tanga, na ninakuandikia kutoka Changsha, mji mkuu wa jimbo la Hunan nchini China. Nilihitimu shahada ya ualimu, somo la Kiingereza, mwaka 2019, nikaomba ajira serikalini kila nafasi zilipotangazwa, na kwa miaka minne nikawa nafundisha katika shule ya binafsi iliyokuwa inalipa mwezi mmoja na kunyamaza miwili. Septemba 2023 nilipata ufadhili wa serikali ya China wa kusomea shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa, wenye posho ya yuan 3,000 kwa mwezi na chumba cha bweni bila malipo. Baba alikwisha kufariki, mama ana duka dogo la khanga na vitenge, na mdogo wangu wa kiume yuko chuoni kwa ada ninayotuma mimi. Ninamaliza masomo mwezi Juni.

Mwaka wangu wa pili hapa, rafiki yangu Mzambia aliyekuwa anarudi kwao aliniachia nafasi yake katika kituo cha tuisheni ya Kiingereza. Ninafundisha Jumamosi na Jumapili, jumla ya saa kumi, kwa yuan 180 kila saa, na wikendi mbili zinanipatia fedha kuliko posho ya mwezi mzima. Kituo kiko ghorofa ya nne juu ya maduka. Kibao cha mlangoni kinasema hapo hufundishwa michezo ya kuigiza, na mapazia hayafunguliwi hata mchana wa jua kali. Siku ya kwanza mkuu wa kituo, mama wa makamo ambaye kwa mengine yote amenitendea wema, alinikalisha chini akaniambia kwamba nikishavuka mlango ule jina langu ni Grace, nimezaliwa London, na wazazi wangu ni madaktari huko. Alisema wazazi wa watoto wanalipia Mwingereza, na wakisikia Tanzania watawaondoa watoto wao. Nilicheka, nikidhani ni mambo ya wiki moja. Sasa unakwenda mwaka na nusu.

Mama, watoto wenyewe ninawapenda. Wana miaka mitano hadi minane, wananiita Grace Laoshi, yaani Mwalimu Grace, wanashika misuko yangu wakiihesabu kwa Kiingereza, na yule aliyekuwa akilia kila akiniona mwezi wa kwanza ndiye sasa anayenisubiri mlangoni mwa lifti. Lakini wananiuliza habari za kwetu, na huko ninakowasimulia kwamba ni kwetu sijawahi kufika. Mtoto mmoja wa miaka sita alinichorea picha nikiwa nimesimama kando ya basi jekundu la ghorofa, nikipunga mkono. Nimeiweka chini kabisa ya sanduku langu, kwa sababu kila nikiiona nasikia uso unawaka.

Usiku ni habari nyingine. Changsha hailali. Tukishafunga kituo Jumamosi, walimu wote tunakwenda kula pamoja, na watu wanajaa vibarazani mpaka alfajiri wakimenya kamba wekundu wa mtoni waliopikwa kwa pilipili nyingi, wakila mishikaki na tofu inayonuka, wakigonganisha bilauri na kusema ganbei, yaani malizeni zote. Kutoka hapo wenye nguvu huelekea mtaa wa Jiefang Xi, wenye baa na klabu. Kuna kijana Mkongo anayezitafutia klabu wageni: tunapewa meza na vinywaji bure, kwa sababu wateja wakiona wageni wanaiona klabu kuwa ya hali ya juu, na mimi huongezewa yuan 200 ili nikae kuanzia saa nne hadi saa nane usiku, nicheze na nionekane. Mara ya kwanza nilikwenda bila kujua kuwa kuna malipo. Walipiga wimbo wa Bongo Fleva, nikacheza na Wakenya, Wakongo na Warundi mpaka machozi yakanitoka, maana nilikuwa sijacheka vile tangu niondoke nyumbani. Siku hizi naenda kila Ijumaa na Jumamosi. Nyumbani sikuwahi kunywa pombe, nilikuwa mwanakwaya, hapa ninakunywa. Nikiwa ndani ya gari la kurudi bwenini ndipo ninapompigia mama simu, kwa kuwa saa nane usiku ya huku ni saa tatu usiku ya Korogwe, naye amemaliza kula. Ninamwambia nilikuwa nasahihisha kazi za wanafunzi. Yeye anaamini, na amewaambia wenzake usharikani, kwamba ninafundisha chuo kikuu.

Mwezi Machi yametokea mawili. La kwanza, polisi waliingia klabuni, muziki ukazimwa, taa zikawashwa, tukakusanywa pasipoti na kila mtu akapimwa mkojo kwa ajili ya dawa za kulevya. Sijawahi kuzigusa, wala sikukutwa na kitu. Lakini askari aliponiuliza kwa Kichina ninafanya nini hapa nchini, nikajibu kuwa ni mwanafunzi, mikono yangu ilitetemeka kana kwamba nimekutwa na kitu.

La pili ndilo linaloninyima usingizi. Wiki mbili baadaye nilikuwa kibarazani tunakokula, nikiongea na rafiki yangu Mkenya kwa Kiswahili, tena kwa sauti. Mwanamke Mchina wa meza ya pili akageuka akasema, “Habari za usiku, Mwalimu. Kumbe wewe ni Mtanzania?” Alikuwa mama wa yule mtoto aliyechora basi. Kumbe aliishi Dar es Salaam miaka minne akishika vitabu vya hesabu vya kampuni ya ujenzi, na Kiswahili alifundishwa na akina mama waliokuwa wakiwapikia wafanyakazi. Nilibaki mdomo wazi. Alitabasamu, akalipa, akaondoka. Jumamosi iliyofuata alimleta mtoto kama kawaida na kunisalimu kwa Kiingereza. Jumanne yake akanitumia ujumbe kwa WeChat: “Mwalimu, naomba tukutane tunywe chai. Nina jambo.” Ni siku kumi na moja sasa sijamjibu.

Wakati huohuo mkuu wa kituo anataka nibaki baada ya Juni kwa kazi ya kila siku, mshahara wa yuan 12,000 na chumba cha kuishi. Anasema atanishughulikia viza ya biashara, na kwamba kila mtu anafanya hivyo. Rafiki yangu ninayesali naye anasema chanzo cha yote ni usiku, na kwamba nikiacha kutoka mengine yatanyooka. Je, ni kweli usiku ndio unaoniharibu? Nimkirie yule mama? Nikubali kazi, au nirudi nyumbani nikaanze tena kusubiri?

Mwalimu wa Jumamosi, Changsha


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimesimama palepale: ndani ya gari, saa nane usiku, wewe unamwambia mama yako kuwa ulikuwa unasahihisha kazi za wanafunzi, naye huko Korogwe anakuombea ulale salama. Nimefundisha shule za msingi kwa miaka mingi kabla sijaanza kujibu barua, na nimelea mabinti wawili. Ninajua uzito wa simu ya namna hiyo kwa anayepiga na kwa anayepokea. Kwa hiyo sitakuandikia kama mtu anayetazama kwa mbali.

Nikikuelewa vizuri, umeniletea mambo manne yaliyofungwa kwenye fundo moja. Unafundisha kwa jina na nchi visivyo vyako. Unafanya kazi ambayo kibali chako cha ukaazi hakiitambui. Unakwenda usiku mahali unapopenda na kupaogopa kwa pamoja. Na kuna mama mmoja ambaye sasa anakujua. Rafiki yako ameuvuta uzi mmoja tu, wa usiku, akakuahidi kwamba mengine yatafunguka yenyewe. Namheshimu kwa kukujali, lakini ningependa tuutazame tena huo uzi kabla ya kuuvuta.

Angalia ulivyoandika mwenyewe. Mchana, mapazia yamefungwa, unaitwa Grace na unasimulia mji ambao hujauona. Usiku, unacheza nyimbo za kwenu, unaongea Kiswahili kwa sauti, unaitwa jina ulilopewa na baba yako. Kama ni kutafuta saa ambazo husemi uongo, nyingi ya hizo katika wiki yako ziko kwenye vibaraza vya kamba wa pilipili. Nasema hivi kwa sababu umeulaumu usiku wote kwa jumla, nami naona usiku wako una sehemu mbili. Ipo ile ya kula na wenzako, kucheka na kucheza, ambayo kwa mtu aliye mbali na kwao ni chakula kama chakula kingine. Na ipo ile ya yuan 200. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Wewe unatunzwa ugenini ili watu wakutazame, na tangu malipo yaanze huna tena uhuru wa kuondoka saa tano kwa kuwa umechoka, au wa kukataa bilauri inayomiminwa na mtu usiyemjua. Ningependa ujiulize kwa utulivu: Jumamosi ambayo hakuna anayelipa wala kununua, ungekwenda? Ungekaa mpaka saa ngapi? Ungekunywa kiasi gani? Sina majibu hayo, ila nadhani wewe unayo.

Usije ukayaacha yote kwa usiku mmoja kwa sababu ya hofu, kisha ukajifungia bwenini. Upweke wa nchi ya watu ni mkali zaidi Jumamosi jioni kuliko siku nyingine, na mtu aliyeukimbia usiku kwa pupa mara nyingi huurudia kwa pupa. Wapo wanaokula na wenzao, wakacheza kidogo, wakawahi treni ya mwisho ya chini ya ardhi, na huo nao ni usiku wa kutoka. Wala usidharau uliyoyaona mwezi Machi. Hapo China polisi hupima mkojo na hata nywele, na nywele zinaweza kuonyesha kitu kilichotumiwa miezi kadhaa nyuma. Anayekutwa huwekwa mahabusu hadi siku 15, na mgeni huweza kuondoshwa nchini. Wewe hugusi vitu hivyo, nakuamini. Lakini bilauri iliyoachwa mezani ukaenda kucheza si yako tena utakaporudi, na katika meza ya watu kumi walioitwa na dalali huwezi kujua kila mmoja ameingia na nini mfukoni.

Sasa nije kwenye kutetemeka kwako mbele ya askari, maana naona hapo mwili wako ulisema jambo ambalo barua imelipitia haraka. Hukuwa unaogopa kipimo. Uliogopa swali. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, inayotumika tangu Julai 2013, humtoza mgeni anayefanya kazi bila kibali faini ya yuan 5,000 hadi 20,000, na kosa likihesabiwa kuwa zito huongezwa mahabusu ya siku 5 hadi 15. Akirudishwa kwao anaweza kuzuiwa kuingia tena kwa muda wa mwaka 1 hadi 5. Mwanafunzi hakatazwi kabisa kufanya kazi za muda nje ya chuo, ila anatakiwa apate ridhaa ya chuo na maandishi ya idara ya uhamiaji katika kibali chake cha ukaazi. Hujaniambia kama uliwahi kuyaomba, na kwa namna ulivyoandika nadhani hukuomba. Hata yuan 200 za klabu, mwanangu, ni ujira.

Na kituo chenyewe? Yale mapazia na kile kibao cha michezo ya kuigiza havikuwekwa kwa ajili yako peke yako. Julai 2021 serikali ya China ilipiga marufuku tuisheni ya biashara ya masomo ya shule, Kiingereza kikiwamo, kwa siku za wikendi, sikukuu na likizo, ili kuwapunguzia watoto na wazazi mzigo, na ikakataza pia kuwafundisha lugha za kigeni kwa njia hiyo watoto ambao hawajaanza shule. Mkuu wako naye anaishi kwa kujificha, na huenda wema wake kwako ni wa kweli kabisa. Mtu aliyejificha anaweza kuwa na moyo mzuri. Lakini hawezi kukupa kivuli ambacho yeye mwenyewe hana. Anaposema viza ya biashara na kwamba kila mtu anafanya hivyo, ni kweli kwamba wengi wanafanya, na ni kweli pia kuwa viza hiyo ni ya watu wanaokuja kununua na kuuza, haimruhusu mtu kuajiriwa. Kibali cha kufundisha Kiingereza, kwa kawaida, hutolewa kwa wenye pasipoti za nchi 7: Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika Kusini. Ninaona uchungu kuiandika sentensi hiyo kwa mwalimu aliyesomea Kiingereza miaka mitatu na kukifundisha minne, ambaye watoto wanamsubiri kwenye lifti. Naiandika kwa sababu ni lazima uipime yuan 12,000 ukiijua. Tofauti kati ya sasa na baada ya Juni ni hii: leo una chuo nyuma yako na kibali halali cha ukaazi, baada ya Juni, ukikubali, kinachokuweka hapo kitakuwa karatasi isemayo jambo moja huku wewe ukifanya jingine, siku saba kwa wiki. Wapo waliokaa hivyo miaka na wakajenga nyumba kwao. Wapo waliosindikizwa uwanja wa ndege na begi moja. Ukikubali, basi kubali ukiwa umeshapanga ada ya mdogo wako italipwa na nani iwapo mshahara utakatika kwa ghafula katikati ya muhula.

Lakini umeniwekea njia mbili tu, kubaki Grace au kurudi kusubiri, na hapo ndipo ninapotaka kukusumbua kidogo. Umesoma biashara ya kimataifa. Unasema Kiswahili, Kiingereza, na Kichina cha kumjibu askari. Tena uko Changsha, ambako tangu 2019 hufanyika kila baada ya miaka miwili maonyesho makubwa ya uchumi na biashara kati ya China na Afrika, ambako soko la Gaoqiao lina banda la kudumu la bidhaa za Afrika, na ambako mwaka huohuo wa 2019 ilianzishwa safari ya ndege ya moja kwa moja kwenda Nairobi. Tangu 2017 upo pia utaratibu unaowawezesha wageni waliohitimu uzamili katika vyuo vya China kupata kibali cha kazi, ndani ya mwaka mmoja baada ya kuhitimu, bila kudaiwa uzoefu wa miaka miwili, mradi alama zao ziwe nzuri na kazi ihusiane na walichosomea. Sikuahidi kwamba utapata. Muda umekuwa mfupi, waajiri wengi huogopa usumbufu wa makaratasi, na mshahara wa kuanzia unaweza kuwa chini ya ule wa kituo. Ninachosema ni kwamba katika mji huohuo ambamo umefundishwa kuificha Tanzania, wapo watu ambao kazi yao ya kila siku inahitaji mtu anayeijua. Je, umewahi kubisha hodi kwao, au uliamini neno la mtu mmoja kwamba jina la nchi yako hufukuza wateja?

Kurudi nyumbani nako unakuita kuanza tena kusubiri. Kusubiri kwako nimekusikia, na ajira za walimu unazijua kuliko mimi. Hata hivyo aliyeondoka Korogwe 2023 siye atakayerudi. Huyu ana shahada ya pili na lugha ambayo kampuni nyingi za Kichina nchini mwetu huitafuta kwa mtu anayejua pia desturi za hapa. Inaweza kuchukua miezi, na miezi hiyo mdogo wako atakuwa bado anadaiwa ada. Gharama hiyo ipo, na mama yako pengine angependa kuijua sasa akiwa bado na nafasi ya kupanga.

Nimemtaja mama yako tena. Uongo wa London ulipewa na mwajiri; wa chuo kikuu uliutunga wewe, na nadhani ndio unaokuuma zaidi, ingawa umeuweka kwenye sentensi moja tu mwishoni mwa aya. Siku moja unaweza kuona vema kumwambia kwamba unafundisha watoto wadogo Jumamosi. Huenda akaumia kwa sababu ya yale aliyowaambia wenzake usharikani, na itabidi umpe muda. Huenda pia akakuuliza majina ya watoto, na kama wanakula vizuri. Wewe ndiye unayemjua. Kuhusu klabu na pombe, si lazima yote yasemwe siku moja, wala kwa simu, wala na mtu aliyetoka kucheza saa nne mfululizo. Labda jaribu kwanza kumpigia saa nyingine. Jumapili jioni, saa moja ya huko, kwa mama ni saa nane mchana, ametoka kanisani na duka halijafunguliwa.

Nimemwacha mwisho yule mama wa Changsha, kwa sababu ndiye uliyemwogopa kuliko wote na ndiye ninayemjua kidogo kuliko wote. Kwa siku kumi na moja umekuwa ukiusoma ujumbe wake kama hati ya kuitwa shaurini. Inawezekana uko sahihi: amelipa fedha kwa ajili ya mwalimu wa London, amegundua vingine, na ana haki ya kukuuliza, hata kukasirika. Ukikutana naye na kumweleza ukweli, anaweza kumwambia mkuu wa kituo, na wazazi wengine wakajua, na Jumamosi zako zikakoma kabla ya Juni. Usikutane naye ukidhani hilo haliwezi kutokea. Ukikaa kimya, kimya chako nacho ni jibu, na atakisoma apendavyo.

Lakini tazama pia aliyoyafanya. Alikutambua mbele za watu na hakukuaibisha. Jumamosi akamleta mwanawe kwako, akakusalimu kwa Kiingereza ili siri yako ibaki yako mlangoni pale. Mtu anayetaka kushtaki hupiga simu ofisini. Huyu ameomba chai, na ameishi Dar es Salaam miaka minne, anajua mtu wa kwetu akisema tunywe chai anamaanisha nini. Jambo lake linaweza kuwa lolote. Pengine anataka kukuuliza kwa nini. Pengine ana kazi. Pengine naye amekumbuka wale akina mama waliompikia na hana wa kuzungumza naye.

Kama utakwenda, chagua mahali pa watu, mchana, usiende na majibu mengi uliyoyakariri, na umsikilize kwanza. Picha ya basi usiitupe. Mtoto aliyeichora hakukosea: alimchora mwalimu wake anayempenda, na mengine yote kuhusu wewe aliambiwa na watu wazima. Ipo siku unaweza kutaka kuichukua kutoka chini ya sanduku na kumrudishia hadithi ya mji wako halisi, wenye mashamba ya mkonge na milima ya Usambara kwa nyuma, ili achore nyingine.

Uniandikie ukishaamua kumjibu au kutomjibu, maana nitakuwa ninakuwaza. Na kabla hujaamua, ufungue tena ujumbe wake. Alikuwa na Kichina, ambacho wewe unakielewa, na alikuwa na Kiingereza, ambacho mnasalimiana nacho kila Jumamosi, lakini amekuandikia kwa Kiswahili.